Kipimo cha Ukutani

Mtoto wa miezi 14 hajui Mombasa iko wapi. Anachojua ni kwamba uji umechelewa. Nilimwambia dada yangu hivyo alipopanga likizo ya familia mwezi wa Aprili, akanijibu, "Wewe panda treni tu, tiketi nimelipa."

Hapo ndipo paliponiuma. Niliacha chuo mwaka wa tatu, tumbo likianza kuonekana, na tangu siku hiyo kila kitu changu kimelipwa na mtu. Baba naye alinibakishia salamu tu. Umeamkaje, umeshindaje, basi. Mjukuu hakuwahi kumpakata.

Kwenye SGR viti vinatazamana, kwa hivyo tulikaa magoti yakigusana kwa saa tano na ushee, yeye na gazeti lake, mimi na pampasi zangu. Tulipofika Tsavo behewa zima likasimama kuangalia tembo wekundu. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Aliamka Voi, tembo wameisha, akaanza kulia.

Siku ya pili tukaenda bustani ya michezo ya maji. Langoni kuna twiga amechorwa ukutani, na mstari shingoni mwake: ukiwa chini ya huo mstari hupandi mitelezo mikubwa. Wangu alimfika twiga magotini. Kidimbwi cha watoto nacho hakiruhusu pampasi za kawaida, lazima zile za kuogelea, na zinauzwa hapo hapo kwa bei ya kukutia homa. Sikununua. Nilikaa chini ya mwarobaini saa tatu nzima nikilinda simu, viatu na taulo za watu tisa. Kabati la familia, jo. Binamu zangu walikuwa wakipiga kelele juu huko, na mimi nina miaka 23.

Jioni tukaingia Haller Park. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka wa 1971. Majongoo wakatafuna majani yaliyoanguka, polepole udongo ukapatikana. Hapo hakuna kipimo cha urefu. Kobe anapita chini, na mtoto yuko chini vilevile.

Alitambaa moja kwa moja hadi kwa kobe mmoja mkubwa akampiga kofi mgongoni. Kabla sijainama, Baba alikuwa ameshachuchumaa, magoti yanalia, amemshika mtoto kiunoni.

"Polepole, babu," akamwambia. "Huyu ni mzee kama mimi."

Halafu akaanza kumhadithia Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa akamganda kobe aitwaye Mzee, wakawa wanalala pamoja.

"Mama yako nilimsomea hii habari gazetini. Akaniambia nisome tena. Tena. Gazeti likachanika."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Hakugeuka.

"Chuo kilibaki mihula mingapi?" akauliza, bado anamwangalia kobe.

"Mitatu."

"Mm."

Akamwinua mtoto, akampachika begani na mchanga wake wote kwenye shati jeupe, akaelekea kwa twiga. Leso ilibaki mkononi mwangu. Nikaikunja, nikaikunjua, nikawafuata.