Ufa wa Tairi Hauzibwi

Wazee walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliufuata wosia huo mahali pasipo pake. Gari langu lilikuwa limesimama juani miaka miwili kando ya ghala, na ubavuni mwa matairi pakatokea nyufa. Nilizipaka rangi nyeusi, matairi yakang'aa kama mapya. Siku moja, katika njia ya Nakuru kwenda Naivasha, mama yangu akiwa kando yangu, tairi la mbele likapasuka. Gari liliyumba hata ukingoni mwa barabara. Tulipona kwa rehema za Mungu.

Wasomaji wenzangu, jua na hewa ya ozoni hukausha mpira. Tena tairi lisilotembea huchakaa upesi, kwani nta iliyomo ndani yake hutoka kuulinda mpira linapozunguka. Ufa uliozama ubavuni hauna kiraka. Rangi huuficha tu. Basi egesha gari kivulini, uliendeshe mara kwa mara, ujaze upepo ipasavyo. Zisome pia tarakimu 4 za ubavuni: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014.

Ufa wa ukuta huzibwa. Tairi lenye ufa huondolewa.