SEHEMU YA 6: Kompyuta inapozima kioo katikati ya kazi

Wapendwa, leo tuachane kidogo na presha na sukari. Kama una kompyuta nyumbani, unafanya kazi vizuri, ghafla kioo kinakuwa cheusi tii, na fundi anakwambia "tupige Windows upya", tafadhali ngoja kwanza. Soma hii.

Yetu ilianza hivyo mwezi wa tatu. Ni ya mezani, na mdogo wangu alikuwa ameandikia humo ripoti yake ya fildi ya chuo. Zimebaki siku nne kukabidhi, na nakala nyingine hakuna popote. Fundi wa kwanza hata hakuifungua. Elfu kumi na tano, tupige Windows. Sasa elewa, wengi wakipiga Windows upya wanafuta kila kitu kwenye sehemu ile ilipo Windows, na mafaili yako uliyoyaweka pale kwenye Desktop na Documents kwa kawaida yako hapo hapo. Angeturudishia kompyuta safi kama wodi iliyopigwa deki, ripoti hakuna, na kioo kingezima tena kesho yake.

Wodini mgonjwa akifumba macho hatusemi amekufa. Tuna kipimo cha Glasgow, kimetumika tangu 1974: tunaangalia macho, maneno na viungo, alama 3 mpaka 15. Macho ni sehemu moja tu. Kioo cheusi nacho ni macho tu.

Kwa hiyo mwite mgonjwa wako. Kwanza sogeza mausi. Kama kioo kinarudi, huo si ugonjwa, ilikuwa imejizima yenyewe kuokoa umeme. Haikurudi? Bonyeza Caps Lock. Kataa hako kakiwaka na kuzima kila ukibonyeza, kompyuta iko hai, shida ni picha kufika kwenye kioo. Hapo shika kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kwenye Windows 10 na 11 inaamsha upya upande wa picha, na kazi yako haipotei. Kimya bado? Kaza waya wa kioo pande zote mbili, au chomeka kwenye TV kwa waya wa HDMI. TV ikionyesha picha, basi mgonjwa ni kioo au waya wake. Wenye laptop, mulika tochi ya simu kwa ubavu kwenye kioo cheusi. Ukiona picha kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa, usikubali kuuziwa mazabodi.

Yetu Caps Lock haikujibu. Yaani mashine yenyewe ilikuwa imeganda.

Nikamwambia dogo achukue karatasi, aandike kila inapozima: saa ngapi, ilikuwa imewaka dakika ngapi, alikuwa anafanya nini. Chati kabisa, kama ya joto kitandani. Siku moja ilitosha. Asubuhi na baridi, zaidi ya saa nzima bila shida. Mchana, dakika ishirini. Akifungua video, hata kumi hazifiki. Ikipumzika nusu saa, inarudi. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema homa.

Kesho yake alfajiri, kabla ya kugusa chochote, tukanakili ripoti kwenye fleshi na kuituma kwenye barua pepe yake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, mengine yote yanasubiri. Halafu tukazima, tukachomoa umeme, tukafungua ubavu. Jamani vumbi! Lilikuwa limelala kati ya feni na vile vibati vya kupoza kama blanketi. Tukalitoa kwa brashi laini, huku dogo ameishika feni kwa kidole isizunguke. Fundi wa pili, kijana mtulivu, akabadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama udongo. Elfu tano. Mpaka leo haijazima, na ripoti ilikabidhiwa.

Vipande vya RAM unaweza kuvichomoa mwenyewe, ukafuta meno yake kwa kifutio cha penseli taratibu, ukavirudisha mpaka vilie "tak". Lakini lile sanduku la umeme lenye feni nyuma usilifungue hata kama umechomoa waya. Ndani linaweza kutunza umeme na kukupiga. Hilo hata mimi nesi siligusi.

Na ukifika kwa fundi usiseme "imekufa". Mwambie inazima baada ya dakika ngapi, Caps Lock inajibu au haijibu, na kwenye TV inaonyesha nini. Akisikiliza yote hayo na bado jibu lake ni Windows, beba kompyuta yako uende kwa mwingine.

Sehemu ya 7 ni keshokutwa nikitoka zamu: fleshi inayogoma kufunguka.