Misuli Iliyobaki

Mtoto wa kiume mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa husifiwa mapema: huyu atacheza mpira. Baadaye anaanza kuanguka mara kwa mara, ngazi zinamshinda, na akitaka kuinuka sakafuni hujishika magoti, kisha mapaja, akijisukuma kwa mikono mpaka asimame. Hapo sifa hugeuka lawama. Mvivu. Amedekezwa. Mkimbizeni, atachangamka.

Katika kazi yangu ya fiziotherapia, hakuna kilichobadilisha jinsi ninavyomtazama mtoto wa namna hii kama picha za MRI. Mashine hiyo haitumii eksrei. Sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio huiamsha haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili, nayo hurudisha ishara. Katika aina moja ya picha, mafuta hung'aa meupe na msuli mzima huwa wa kijivu. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne, ambaye mwili wake hautengenezi protini ya distrofini, utaona weupe umeanza kuingia makalioni na ndani ya mapaja. Na lile shavu la mguu lililosifiwa, miaka inavyokwenda, nyama yake hupisha mafuta na makovu huku umbo likibaki nene. Misuli isiyo na distrofini huumia kwa urahisi ikifanyishwa kazi nzito. Kwa hiyo kumkimbiza ili achangamke ni kumjeruhi.

Picha peke yake haitoshi. Kipimo cha jeni ndicho huthibitisha.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba picha hizo huonyesha pia kilichosalimika. Katikati ya weupe ule, msuli mrefu kuliko yote mwilini, unaokatiza paja kutoka nyonga hadi chini ya goti, mara nyingi hubaki wa kijivu kwa muda mrefu, na ule mwembamba wa upande wa ndani nao vilevile. Mzazi aliyezoea kusikia yaliyoharibika tu huinamia kioo cha kompyuta na kuuliza, "Na huu bado ni mzima?" Ndiyo mama, huo bado. Tunaanza kupanga mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, kisha tunawaandikia walimu: apewe darasa la ghorofa ya chini, na asilazimishwe mbio.