Hiyo nishati inakaa kwenye chaji ipi?

Kimya cha wiki mbili kimetokana na testi ya umeme iliyo mbele yetu Jumamosi, na wale wa sayansi mwaka wa kwanza mnajua naongelea nini. Hosteli nzima imebandika U = kq₁q₂/r ukutani kama picha ya msanii. Watu wanaikariri wakipiga mswaki, wanaikariri kwenye foleni ya wali maharage. Shida ya fomula hiyo ni kwamba unaweza kuikokotoa vizuri tu bila kuielewa hata chembe, halafu swali likigeuzwa kidogo unabaki unaangalia dari.

Basi Jumapili tulikuwa kwenye diskasheni, watu saba chini ya mwembe. Kuna dada mmoja wa kundi letu ambaye ameshachukua fomu ya kuhama kozi, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Anasema fizikia si yake. Katikati ya hesabu akauliza, "Jamani, hiyo nishati tuli inakaa kwenye chaji ipi? Hii ya kwanza au ile ya pili?" Watu wakacheka. Akafunga daftari. Mimi naona siku ile nzima hakuna aliyeuliza swali zuri kama hilo, na wale waliocheka sikuona hata mmoja aliyelijibu.

Jibu ni kwamba haikai kwenye hii wala ile. Ni ya zote mbili kwa pamoja, kutokana na jinsi zilivyokaa. Chaji moja ikiwa peke yake ulimwengu mzima haina wa kumsukuma wala kumvuta, kwa hiyo fomula haina cha kukuambia. Ni kama ujirani, huwezi kuwa jirani peke yako. Ukileta ya pili kutoka mbali sana, na zote ni chanya, inabidi uisukume maana zinakataana. Ile kazi uliyofanya kuisogeza haipotei. Ukiachia, zinaruka kila moja upande wake na kazi yako inarudi ikiwa mwendo.

Ukishalikubali hilo, maswali ya chaji tatu hayatishi tena. Unahesabu jozi, kama watu wanavyopeana mikono msibani. Watatu wanapeana mara 3, wanne mara 6. Kila jozi ina U yake, unajumlisha, umemaliza. Nimeona watu wanahesabu mara mbili (mimi na wewe, halafu wewe na mimi), hapo jibu linakuwa maradufu na mtu anaanza kulaumu kikokotoo.

Na tafadhali tuzipe namba sura. Mikrokulombi 1 na nyingine kama hiyo, umbali wa mita 1: unapata jouli 0.009. Hiyo inatosha kuinua kitu cha gramu 1 sentimita kama 92, yaani kutoka sakafuni hadi kiunoni. Basi. Sasa weka kulombi nzima na kulombi nzima, umbali uleule: jouli bilioni 9! Bwawa la Julius Nyerere, mitambo yake yote 9 ikizunguka kwa megawati 2,115, lingefanya kazi sekunde 4 na ushee kupata kiasi hicho. Ndiyo maana hutaingia maabara ukute kulombi nzima imekaa peke yake juu ya meza inakusubiri.

Kilichomchosha zaidi yule dada ni alama ya kutoa. Chaji moja chanya, nyingine hasi, U inatoka hasi. "Nishati pungufu ya sifuri ndiyo nini sasa?" Mimi nafikiria daftari la Mangi pale dukani. Sifuri ni siku huna kitu wala hudaiwi, yaani chaji zimeachana mbali kabisa. Hasi ni deni. Elektroni ya haidrojeni ikiwa katika hali yake ya chini kabisa inadaiwa elektronivolti 13.6, na usipoilipa haitoki kwenye atomu. Ukitaka kuingia ndani zaidi, nishati tuli peke yake ni hasi 27.2, ya mwendo ni chanya 13.6, ukijumlisha ndiyo unabaki na lile deni. Na hiyo sifuri tumekubaliana tu. Kilimanjaro ina mita 5,895 kwa sababu tulianza kuhesabu kwenye usawa wa bahari. Ukianzia Moshi mjini namba inabadilika, lakini jasho la kupanda kutoka getini hadi kileleni ni lilelile.

Haya, volteji. Hapa ndipo watu wenye akili zao wanachanganya, wanadhani volti nyingi maana yake ni nishati nyingi. Wale mliowahi kukaa Dodoma mwezi wa saba mnajua habari ya kuvua sweta la nailoni gizani: linalia tatata, na cheche unaziona. Pale mwili unaweza kufika volti 10,000. Betri ya gari ni volti 12. Mbona sweta halijamuua mtu, na betri ndiyo inayowasha injini? Kwa sababu volti ni jouli kwa kila kulombi, na bado hujaniambia una kulombi ngapi. Mwili una uwezo wa kubeba kama pikofaradi 100, kwa hiyo kwa volti 10,000 umebeba mikrokulombi 1 tu, na nishati yake ni jouli 0.005. Betri ya ampia-saa 50 inapitisha kulombi 180,000. Zidisha kwa 12, unapata jouli 2,160,000.

Kama bado haikai, nenda kwenye maji. Mtera ukipita barabara ya Iringa kwenda Dodoma unaona bwawa halimaliziki kwa macho, lakini maji yanaanguka kama mita 100 hivi, mitambo inatoa megawati 80. Kihansi bwawa lake ni dogo (pale penye wale vyura waliopelekwa Marekani mwaka 2000), ila maji yanashuka zaidi ya mita 800 na mitambo ni ya megawati 180. Kimo cha kuanguka ndiyo volteji, maji ndiyo chaji. Ukitaja kimoja bila kingine hujasema nishati.

Mmoja wa walioanza kuandika juu ya hiki "kimo" cha umeme kwa hesabu alikuwa msaga unga, George Green wa Nottingham, Uingereza. Shule alikaa kama mwaka mmoja tu utotoni, akafanya kazi kwenye kinu cha baba yake, mwaka 1828 akachapisha andiko lake. Chuo kikuu aliingia mwaka 1833 akiwa na miaka 40. Alifariki mwaka 1841, na andiko lile lilikuja kuvuma baada ya William Thomson kulipata mwaka 1845. Nilimsimulia yule dada, akaniambia, "Kaka, mimi sina hata kinu."

Lakini jana usiku kanifuata kantini na daftari lake wazi. "Wewe kwenye ile ya sweta uliandika jouli 0.005. Mikrokulombi 1 mara volti 10,000 ni 0.01. Nusu nyingine kaila nani?" Nikamwambia akae, nikaagiza chai. Kabla chai haijafika alikuwa ameshachora matofali. Tofali la kwanza unaliweka chini, hulinyanyui. La mwisho unalipandisha hadi juu kabisa. Kwa wastani kila tofali limepanda nusu ya kimo cha ukuta. Na chaji vivyo hivyo: ya kwanza inaingia mwili ukiwa na volti sifuri, ya mwisho ndiyo inapambana na elfu kumi zote. Kwa hiyo nusu ya QV, hakuna aliyekula kitu.

Fomu iko katikati ya daftari lilelile, niliiona, haijajazwa. Leo ni Jumatano. Sikumuuliza. Kesho saa kumi diskasheni palepale mwembeni, na kapasita anaelezea yeye. Mje na karatasi, za kwangu zimeisha.