HABARI ILIYOCHELEWA HAIOKOI MTU

Leo twende safari fupi pamoja. Tutaanza Mbinga milimani, kisha tuteremke mpaka ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Njiani utaona kwamba habari ni chombo cha kazi, kama jembe na kasia. Lakini ikichelewa, haifai kitu.

Milimani

Mbinga ni nchi ya milima na baridi. Tazama miteremko yake. Utaona mashimo mengi yaliyopangwa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba katikati na kuyafunika majani kwa udongo. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni na udongo hauchukuliwi.

Elimu hiyo haikuletwa na gazeti wala redio. Mama alimwonyesha binti, baba alimwonyesha kijana. Njia hiyo ni nzuri kwa mambo yasiyobadilika upesi. Lakini bei ya kahawa hubadilika, na upepo wa ziwani hugeuka kwa saa chache. Hapo inatakiwa habari yenye mbio.

Liuli

Sasa tuteremke. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay haifiki kilometa 70. Toka Mbamba Bay, fuata ufuko kwenda kaskazini mpaka Liuli, penye mawe makubwa ya Pomonda.

Mwezi Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zilianza vita huko Ulaya. Hapa Liuli, meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mara ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaanza kupiga mzinga. Nahodha Mjerumani alishangaa. Waliokuja aliwafahamu. Akapanda mashua, akaenda kwa hasira kuuliza kulikoni. Akakamatwa. Mwenzake alikwisha pata habari ya vita. Yeye alikuwa hajapata.

Kosa langu

Usimcheke nahodha yule. Mimi habari niliipata, nikaikalia.

Mwaka 2006 nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha ufuko huu. Simu hazikushika pale. Jioni moja nilisikia redioni kwamba upepo mkali utavuma Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimechoka. Nikasema moyoni, "Kesho asubuhi nitawaambia wavuvi." Nikalala.

Wavuvi wa usipa hutoka usiku na taa zao. Nilipoamka, mitumbwi ilikuwa imekwisha kwenda, na mawimbi yalikuwa yakipiga mchangani kwa kishindo. Wanawake walisimama ufukoni kimya, wakitazama majini. Mtumbwi mmoja ulipinduka. Mzee mmoja na mpwa wake waliushika mpaka mchana, wakaokolewa na wenzao. Walipona, lakini nyavu na taa vilipotea.

Nilikwenda kumpa pole. Aliniuliza, "Bwana shamba, wewe ulisikia lini?" Nikamjibu, "Jana jioni, baba." Hakunigombeza. Alinyamaza tu. Ukimya ule ninao mpaka leo.

Simu mkononi

Siku hizi simu ziko nyingi milimani na ufukoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, pamoja na wa maziwa yetu. Lakini simu haimwamshi jirani. Wewe ndiye unayemwamsha. Kwa hiyo fanyeni mambo haya:

Kwanza, chagueni kijijini watu wawili wa kusikiliza utabiri kila jioni. Wakisikia hatari, wapige simu, wapige na ngoma au kengele, kwa maana si kila mtu ana simu. Waseme usiku uleule. Wasingoje asubuhi.

Pili, mkulima wa kahawa, uliza bei ya mnada katika chama chako cha ushirika kabla hujakubali bei ya mtu. Usiuze kahawa ingali mtini kwa sababu hukujua thamani yake. Na wewe mama uliyeanika usipa, piga simu sokoni kwanza, halafu ndipo ulipe nauli.

Tatu, simu ya nyumba isiwe ya baba peke yake. Mama ndiye anayeona kwanza homa ya mtoto. Mtu yeyote anaweza kupiga 199 bure, akauliza wataalamu wa Wizara ya Afya.

Nne, si kila habari ya simu ni ya kweli. Ukiambiwa tuma fedha, usitume. Namba yako ya siri usimpe mtu. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Ndugu msomaji, wewe umejua kusoma. Jirani yako labda bado. Ujumbe ukiingia, msomee. Usifanye kama mimi nilivyofanya usiku ule.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kijiji chako, nani husikia habari ya hatari kwanza? Huwafikiaje wengine?
2. Nani hana simu wala redio? Nani atamwambia?
3. Ni habari gani ilichelewa kwenu mwaka huu, na hasara yake ilikuwa nini?