Deki ya Baba, kutoka Akihabara

Tokyo, Jumapili usiku

Dada yangu mpendwa,

Deki ya kuchezea kanda za Baba nimeipata! Iko hapa kitandani, nimeiviringishia kanga zangu mbili.

Tangu asubuhi nilikuwa Akihabara. Ukitoka stesheni unaingia kwenye vijiduka vilivyobanana chini ya reli, treni zinanguruma juu yako. Huyu anauza waya, yule swichi tu. Baba angehamia huku! Mashine za kanda za dijitali zote ni za mtumba. Sony walizianza 1987, na mwaka 2005 wakaacha kuziunda, kwa hiyo unatafuta uzima kuliko urembo.

Nilianza na ile ndogo, pacha wa ile Baba aliyokuwa akiining'iniza begani kwenye taarabu za harusi. Muuzaji akatia kanda yake, ikatafunwa palepale. Utepe wenyewe haufiki upana wa milimita nne, na kichwa kinachousoma ni kigurudumu kinachozunguka mara 2000 kwa dakika. Kikichafuka, au mpira ukilegea, unasikia mikwaruzo, mara kimya. Nikaiwaza ile kanda yenye kicheko cha Bibi, nikairudisha mashine haraka.

Duka la tatu walikuwa na deki ya mezani, nzito, yenye tundu la dijitali nyuma la kupeleka sauti kwenye kompyuta. Nikamwomba mzee mwenye duka afungue kifuniko. Nikamulika kwa simu: kichwa kinang'aa, mipira haijapasuka. Tukarekodi dakika 10 kwenye kanda mpya, tukarudisha, safi. Lakini unakumbuka Baba alivyokuwa akibana matumizi, kanda ya dakika 120 anaibebesha saa nne kwa mwendo wa nusu? Si kila mashine inaisoma hiyo. Ndipo nikatoa kanda yetu niliyokuja nayo, mikono inatetemeka. Nikavaa hedfoni. Dada, alikuwa anajaribu maikrofoni: “Moja, mbili. Moja, mbili.” Halafu akakohoa kile kikohozi chake. Sikuomba hata kupunguziwa bei.

Nafika Ijumaa. Umeme wa huku ni volti 100, wetu 230, kwa hiyo mwambie fundi atutafutie transfoma ya kushusha, na kabla hajaja, mtu yeyote asiichomeke deki. Na lile sanduku la kanda tafadhali liondoe leo hii pale ukutani penye unyevu, uliweke chumbani kwako.

Mdogo wako akupendaye.