Ua la Uani na Dawa ya Saratani

Ndugu msomaji, bila shaka unalijua ua hili. Ni dogo, jeupe au la rangi ya waridi, na lina petali tano. Hapa Chang'ombe huota uani na kando ya njia, hata kwenye mchanga mtupu. Asili yake ni Madagaska.

Mwaka 1958 wataalamu wa Kanada, Noble na Beer, walitangaza kuwa wamepata katika majani yake dawa ya kupambana na saratani. Baadaye ikapatikana nyingine, iitwayo vinkristini.

Dawa hiyo hufanyaje kazi? Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Chembe moja hugawanyika, zikawa mbili. Inapogawanyika hutengeneza nyuzi nyembamba, ambazo huvuta vitu vya urithi pande mbili ili kila upande upate sawa. Saratani ni chembe zinazogawanyika ovyo bila kukoma. Vinkristini huzuia nyuzi zisijengeke. Chembe hushindwa kugawanyika, zikafa. Lakini dawa hugusa na chembe njema. Ndiyo maana nywele za mgonjwa huweza kunyonyoka, na vidole vyake kufa ganzi.

Mwaka huo huo wa 1958, Daktari Denis Burkitt wa Kampala aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika. Hiyo ni saratani inayokua upesi mno. Vinkristini ni moja ya dawa zinazoitibu.

Mama mmoja wa darasa letu la jioni ana mtoto aliyevimba taya. Jirani alimshauri achemshe majani ya ua hili, amnyweshe.

"Si ndiyo dawa yenyewe, mwalimu?" aliniuliza.

"Hapana, mama," nilimjibu. "Gramu moja ya dawa hutoka katika mamia ya kilo za majani makavu. Daktari huipima kwa uangalifu, na huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Majani yenyewe yana sumu. Tena siku unazochemsha, uvimbe unakua."

Kesho yake alimpeleka mtoto Hospitali ya Temeke. Kutoka huko alipelekwa Muhimbili, na sasa anatibiwa. Safari bado ni ndefu, lakini ameanza mapema.

Ndugu msomaji, uvimbe usiopungua usiungoje. Ua libaki uani. Mgonjwa aende hospitali.